Mbwa Mwenye Njaa Halindi Lupango

Watu wa Lubumbashi wanabishana juu ya mengi, lakini kuna jambo moja ambalo wa Golf na wa Katuba, wa Bel-Air na wa Ruashi wanakubaliana bila kubishana: mbwa wa kulinda lazima afungwe mchana kutwa, apewe chakula kidogo na asizoeane na watu, ili usiku awe mkali. Jirani humfundisha hivyo mwenye nyumba mpya, zamu, yaani mlinzi wa nyumba, humwambia hivyo tajiri wake, na baba humwonya hivyo mwanawe anayeleta nyumbani mtoto wa mbwa. Eti ukimshibisha atalala, ukimpapasa atalegea, na watoto wakicheza naye hatamjua mwizi. Maneno haya yamesemwa na watu wazima kwa muda mrefu mpaka yamegeuka elimu, na asiyeyafuata huonekana mtu asiyejua maisha ya mji. Mimi nayapinga, mwanzo hadi mwisho. Makao salama na yenye raha kwa mbwa si anasa ya kuongeza baada ya ulinzi kupatikana. Ulinzi wenyewe unaanzia hapo, na kila tunachomnyima mbwa kwa nia ya kumfanya mkali tunakiondoa katika usalama wetu sisi wenyewe na wa watoto wetu.

Sitawadharau wanaoshika imani hiyo, kwa sababu hofu yao ina msingi. Umeme hukatika, mtaa mzima ukaingia giza, na wezi hawangoji zaidi ya hapo. Ndiyo maana kuta zinapandishwa na vipande vya chupa vinasimikwa juu yake, na wenye uwezo wanaajiri zamu. Asiye na uwezo wa kumlipa zamu anategemea mbwa. Lakini hapo ndipo tunapopaswa kuuliza kwa makini mbwa analinda kwa kitu gani. Halindi kwa meno kwanza. Analinda kwa sikio linalosikia mtu akigusa ukuta kabla sisi hatujageuka kitandani, kwa pua inayotofautisha harufu ya mwenye nyumba na ya mgeni, na kwa sauti inayoamsha nyumba na majirani. Mwizi anataka kimya na muda, na mbwa anayebweka mapema amekwisha kumnyang'anya vyote viwili kabla ya kuumana na mtu yeyote. Kazi hiyo inataka mnyama mwenye afya, mwenye usingizi wa kutosha mchana, anayejua wazi nani ni wa lupango, yaani ua wa nyumba, na nani si wake. Mbwa aliyedhoofika hana hata moja kati ya hayo.

Tuanze na njaa, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa zaidi. Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko, na mwizi anaijua methali hiyo kuliko mwenye nyumba. Silaha ya zamani ya wezi dhidi ya mbwa ni kipande cha nyama kilichotiwa sumu na kurushwa juu ya ukuta. Mbwa aliyekula jioni anaweza kukinusa na kusita, au kubweka kwanza kwa sababu kishindo cha kitu kilichoanguka kimemshtua. Mbwa ambaye hajatia kitu tumboni tangu jana hana nafasi ya kusita. Atakimeza kabla hajajua kimetoka wapi. Simwambii mtu kwamba mbwa aliyeshiba hawezi kulishwa sumu, maana anaweza, lakini anayemlaza mbwa wake na njaa amemrahisishia mwizi kazi. Zaidi ya hapo, njaa haimfundishi mnyama kuchukia wageni. Inamfundisha kutafuta chakula, na chakula kiko jalalani, sokoni na kwenye malupango ya wengine. Ndiyo maana mbwa anayefunguliwa usiku ili alinde mara nyingi hupita chini ya geti, na saa za alfajiri, ambazo mwenye nyumba anamhitaji zaidi, yeye yuko barabarani akipigania mifupa.

Sasa mnyororo. Tazama mahali mbwa alipofungwa kwa miezi: chini pana duara la udongo mtupu uliokanyagwa ukawa mgumu kama sakafu, ukubwa wake ni urefu wa mnyororo, na ndani ya duara hilo ndimo anamolala, anamokula na anamojisaidia. Kopo la nyanya lililowekwa liwe chombo cha maji limepinduka tangu asubuhi na hawezi kulifikia. Shingoni, pale waya au mnyororo unapokwaruza, manyoya yamekwisha na ngozi imefunguka kidonda ambacho nzi hawakiachi. Mnyama huyo akikabiliwa na kitu anachokiogopa hawezi kukimbia, na mnyama asiyeweza kukimbia hubakiwa na njia moja, kuuma. Hili limechunguzwa. Katika mji wa Denver, Marekani, watafiti walilinganisha mbwa waliowauma watu na mbwa wa mtaa huohuo ambao hawakuuma, wakachapisha matokeo mwaka 1994: uwezekano wa kumkuta mbwa aliyeuma kuwa ni wa kufungwa mnyororo uani ulikuwa karibu mara tatu ya yule asiyeuma. Mtetezi wa mnyororo atasema hicho ndicho anachokitaka, mbwa anayeuma. Ajiulize basi nani hufika ndani ya duara lile mchana. Mwizi huja usiku. Mchana hufika mtoto anayefuata mpira wake, mama anayeanika nguo, fundi wa bomba, na mgeni aliyekuja kutoa pole msibani.

Wapo wasemao kwamba ukali lazima uanzie utotoni, kwa hiyo mtoto wa mbwa afichwe asione watu. Hapo pia ushahidi unakwenda kinyume. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani waliwakuza watoto wa mbwa ndani ya uwanja uliozungushiwa uzio, wengine wakikutanishwa na watu katika wiki tofauti, wengine wakiachwa bila mtu hadi wiki ya 14. Wale waliokosa watu kabisa hadi umri huo walitoka wakiwaogopa wanadamu wote, na kuwarekebisha baadaye kulikuwa kugumu mno. Kwa hiyo wiki za mwanzo, tangu ya tatu hadi karibu ya 14, ndizo ambamo mbwa hujifunza nani ni mwenzake. Anayemficha mbwa wake wakati huo hapati mlinzi anayewajua wezi. Anapata mnyama anayeogopa kila mtu, pamoja na wa nyumbani, na woga huo haubagui. Mlinzi mzuri ni yule aliyejifunza kwamba watu hawa ndio wa kwake, watoto hawa wanapita hapa kila siku, sauti hii ni ya mama mwenye nyumba. Asiye katika orodha hiyo anapotokea saa nane za usiku, mbwa anajua mara moja kuna kitu kisicho cha kawaida. Kujua wa nyumbani ndiko kunakomwezesha kumtambua mgeni.

Lakini jambo linalonifanya niandike kwa uchungu ni kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Katika visa 99 kati ya 100, mtu ameambukizwa na mbwa. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Kongo haiko mbali na hesabu hiyo: mwaka 2014 madaktari walichapisha maelezo ya watoto 21 wa Kinshasa waliougua kichaa cha mbwa. Sasa uiweke desturi yetu mbele ya ugonjwa huu. Mbwa anafunguliwa usiku akiwa na njaa, anatoka, anapigana na mbwa wa barabarani, anarudi alfajiri na jeraha lisiloonwa na mtu kwa sababu hakuna anayemgusa, kisha anafungwa tena karibu na mlango wa jikoni. Virusi vinaweza kukaa ndani yake majuma au miezi kabla ya dalili. Na dalili yenyewe, ukali usio wa kawaida, itapokelewa kwa furaha katika nyumba iliyokuwa ikiutafuta ukali huo. Mwenye mbwa anayepapaswa kila siku huona mapema kwamba mbwa amebadilika, hali, hamezi vizuri, anatoa mate. Mwenye mbwa wa mnyororo atajua siku mtoto akiumwa.

Angalia pia kinachofuata baada ya mtu kuumwa. Jeraha linapaswa kuoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali aanzishiwe chanjo bila kungoja dalili. Pamoja na hayo, mbwa anayejulikana, mwenye nyumba na mwenye chanjo, anaweza kuwekwa chini ya uangalizi kwa siku kumi: akimaliza siku hizo akiwa hai na mzima, inajulikana kwamba hakuwa akitoa virusi siku alipouma, na daktari ana msingi wa kuamua kuhusu sindano zilizobaki. Mbwa anayezurura usiku hana wa kumwangalia. Anauma mtu katika komini ya Kenya, anatokomea Kamalondo, na familia inabaki na hofu pamoja na gharama yote. Kwa hiyo geti linalofunga vizuri na kadi ya chanjo ya kila mwaka ni sehemu ya tiba ya mtoto ambaye bado hajaumwa.

Asiniambie mtu kwamba jambo hili linazidi uwezo wa Waafrika. Mjini N'Djamena, Chad, mbwa walichanjwa kwa wingi mwaka 2012 na tena 2013, kila mara zaidi ya saba katika kumi, na maambukizi kati ya mbwa yakakatika kwa miezi kadhaa. Huko Pemba, Tanzania, chanjo ya mbwa iliuondoa ugonjwa kisiwani mwaka 2014. Uliporudishwa mwaka 2016 ulipigwa tena kwa chanjo, na kufikia 2018 ulikuwa umekwisha. Mafunzo ni mawili. Kwanza, kinachokomesha kichaa ni kuchanja mbwa, si kuwaua ovyo mitaani wala kuwafanya wakali. Pili, mbwa anayechanjika ni yule mwenye mtu anayeweza kumshika. Siku ya kampeni, mbwa aliyezoea mkono huletwa na mtoto wa miaka kumi kwa kamba, huku yule aliyelelewa kwa fimbo na njaa akiwashinda hata watu wazima watatu, kisha anarudishwa nyumbani bila sindano. Imani ninayoipinga inazalisha hasa aina ya mbwa ambaye kinga ya mji haiwezi kumfikia.

Hapo huja pingamizi lenye uzito zaidi: watu wenyewe hawajashiba, bei ya unga inapanda kila malori ya kutoka Zambia yanapochelewa mpakani, nani atamlisha mbwa? Naliheshimu swali hili na nalijibu bila kuzunguka. Nyumba isiyoweza kumlisha mbwa isifuge mbwa, na nyumba inayoweza kumlisha mmoja isifuge watatu. Mbwa mmoja mzima ana faida kuliko watatu wanaotambaa. Wala simuombei mbwa vyakula vya dukani vya Ulaya. Bukari, yaani ugali, iliyopikwa vizuri pamoja na vichwa vya samaki, ndakala, matumbo au damu iliyochemshwa kutoka machinjioni, mara mbili kwa siku, na maji safi kila wakati, humtosha mbwa wa kawaida. Kinachodaiwa ni utaratibu na uaminifu zaidi kuliko fedha. Na kuna uchumi wa uongo ambao lazima tuuache, wa kumpa mbwa unga uliooza kwa hoja kwamba mtu hawezi kuula. Ukungu wa mahindi hutoa aflatoksini, sumu inayoharibu ini na isiyoondoka kwa kupikwa. Mashariki ya nchi ya Kenya mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliwaua watu 125, na karibu na Pretoria mwaka 2011 chakula chenye sumu hiyohiyo kiliua mbwa wengi. Anayempa mbwa wake unga huo anamuua polepole, halafu anashangaa kwa nini mlinzi wake amekonda na halii usiku.

Unyonge kama huo wa mbwa ndio unaotumika kama ushahidi dhidi yangu. Utasikia: tulimpa chakula, akawa mvivu. Lakini tukimchunguza mbwa anayeitwa mvivu, mara nyingi tunakuta minyoo tumboni, kupe masikioni na ufizi mweupe kwa kukosa damu, kwa sababu kupe wa huku hueneza vimelea vinavyoshambulia damu ya mbwa. Chakula peke yake hakiwezi kuponya hayo. Badala ya kuuliza kwa mganga wa wanyama, wapo wanaompaka mafuta machafu ya gari ili kuua kupe na upele, nayo hupenya ngozi, na yanayobaki juu mbwa huyaramba. Lubumbashi ina Kitivo cha Udaktari wa Mifugo katika Chuo Kikuu chake, na wahitimu wake wako mjini. Kwa mji wenye hazina hiyo, kumtibu mbwa kwa mafuta ya injini ni aibu isiyo na udhuru wa ujinga.

Raha ya mahali pa kulala nayo ina hesabu yake, tena hesabu ya hapahapa. Tuko kwenye urefu wa mita zipatazo 1,200 juu ya bahari. Usiku wa Juni na Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10, upepo wa kusini-mashariki ukipuliza wiki baada ya wiki, Oktoba joto hupanda, kisha mvua hunyesha hadi Machi. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anapoa kwa kuhema, kwa hiyo kibanda cha mabati matupu kisicho na kivuli humchoma Oktoba na kumgandisha Julai. Matofali ya kuchoma hayakosekani mjini. Kibanda kidogo kilichoinuliwa kwa mistari miwili ya matofali ili maji ya mvua yapite chini, mlango ukitazama kaskazini-magharibi, gunia kavu ndani na mti au turubai juu, ni kazi ya siku moja. Tena kuna vumbi letu. Watafiti wa Lubumbashi na Leuven walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyushia madini Katanga wana kobalti nyingi mno mkojoni, na watoto wanazidi wakubwa. Mbwa hulala katika vumbi hilohilo na kulilamba kwenye manyoya yake, kisha mtoto hushika manyoya hayo. Kupanda nyasi mahali anapolala, kumwagia udongo maji wakati wa kiangazi na kuosha chombo chake kila siku kunamlinda yeye na anayecheza naye.

Lipo pingamizi jingine linalopendwa sana, kwamba haya ni mambo ya wazungu na sisi mbwa wetu hawakuwa hivyo. Historia inakataa. Basenji, mbwa anayefugwa leo dunia nzima, ni mbwa wa Kongo. Waingereza walimwona katika maonyesho ya London mwaka 1895, na tangu 1937 wakaanza kumzalisha kwao baada ya kumchukua huku. Wawindaji wetu walimfunga kengele ya mti shingoni ili wamfuate porini, maana mbwa yule habweki kama wengine. Wenzi wa kazi wa namna hiyo hawalelewi kwa njaa na mnyororo. Mbwa asiyemwamini mwindaji hamrudii na windo. Kinyume chake, mji huu uliojengwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville ulipangwa kwa hofu, ukanda mtupu ukitenganisha mitaa ya Wazungu na ile ya Waafrika, ili watu wasikaribiane. Anayetafuta asili ya kumwona kila apitaye kando ya ukuta kama adui ana mengi ya kusoma katika ramani ile kuliko katika mila za wawindaji.

Mwisho nitakubali hoja moja. Katika lupango lenye wapangaji familia tano, mlango mmoja na watoto wa kila umri, mbwa hawezi kuachwa huru saa zote, wala si haki kumlazimisha jirani anayeogopa mbwa aishi naye mguuni. Kumzuia ni lazima. Lakini kumzuia si lazima kuwe kumfunga shingo kwa waya wa mita moja. Kona iliyozungushiwa wavu au mbao, yenye kivuli na maji, anamoweza kugeuka na kutembea, humzuia vizuri zaidi, kwa kuwa mtoto hawezi kujikuta ndani ya duara la mbwa bila kujua. Asiye na kona anaweza kutandaza waya mrefu kati ya nguzo mbili na kupitisha kamba inayoteleza, mbwa akatembea urefu wote wa ua. Saa za jioni, geti likifungwa, anafunguliwa na kutembezwa na mtu wa nyumbani, ili akilinda usiku awe anajua kila pembe ya anachokilinda.

Kwa hiyo nawadai watu watatu. Mwenye mbwa, ampe chakula, maji, kibanda na chanjo kila mwaka kuanzia miezi mitatu, au asifuge. Jirani, aache kumcheka mtu anayemtunza mbwa wake, kwa sababu mbwa yule aliyechanjwa ni kinga ya watoto wa mtaa mzima. Na wakuu wa komini, kila tarehe 28 Septemba, siku ya dunia ya kupambana na kichaa cha mbwa, wawaite waganga wa mifugo wa Chuo Kikuu na kupeleka meza za chanjo Kenya, Katuba, Kampemba na Ruashi, wakilenga saba katika kila mbwa kumi, si hotuba. Ukali tunaoununua kwa njaa tunaulipia kwa damu ya wa kwetu, na mwizi haulipii chochote. Mji unaotaka kulindwa na mbwa wake unapaswa kuanza kwa kuwalinda mbwa hao.